Kianjokoma Ina Kamera Mob, Sura Ndio Hazionekani

Kitambo bonasi ya chai ikiingia, hii Embu ya juu ilikuwa na njia tatu za kuimaliza: mabati mpya, ng'ombe wa gredi, na mzae kupotelea Embu tao hadi doh iishe. Sai kuna njia ya nne. Shuka tu kwa mathree hapo senta ya Kianjokoma, inua kichwa ucheki chini ya mabati. Agroveti, butchari, duka ya M-Pesa, kinyozi, baa, kila mahali kuna ka-jicho keupe kamekaziwa skrubu. Kuna wenye wameweka nane kwa duka ya mlango mmoja. Kuna hadi boma za wazae ndani kabisa ya majani chai, jirani wa karibu ni mti wa makadamia, na ziko na kamera mob kuliko madirisha.

Sina noma na hiyo. Wira ya mtu ni jasho yake, na magondi hawalali. Huku juu wanabeba ng'ombe, wanavuna makadamia ya wenyewe kabla ikomae, na faktri za kahawa za hii kaunti zimewahi kuvunjwa usiku magunia yakaenda. Shida yangu na kamera za senta ni moja. Siku ngori inatokea, watu wanajazana kwa kaunta wakicheki TV, mwenye duka anarudisha rekodi nyuma hadi saa nane usiku, kila mtu amenyamaza kama kanisani, alafu kwa skrini anatokea msee. Msee tu. Marvin nyeusi, koti kubwa, mikono mfukoni. Anaingia, anabeba, anaingia mitini. Huyo anaweza kuwa mtu yeyote kutoka hapa hadi Runyenjes, ju Julai na njeve yake, hadi pasta ako na marvin.

Kwa hivyo kabla uongeze kamera ya tano, jiulize swali moja. Hii rekodi nikiipeleka kotini Embu, kwa hakimu hajawahi kanyaga kwetu, hajui jina la mtu, hajui nani hutembea akichechemea, ataona nini? Kama jibu ni "ataona kuna mtu aliingia", basi umejinunulia TV ya bei mbaya.

Tuanze na kitu inabamba wasee na inawadanganya: upana. Fundi akikuja anakuwekea lenzi ya milimita 2.8 kila kona, ju inamulika kiwanja yote. Ukicheki kwa simu unahisi uko na dunia mzima kwa kiganja. Ni kweli inaona kila pahali, lakini nukta za picha ni zile zile, zimesambazwa tu. Watu wa hizi vitu wako na kipimo ya kimataifa: ili mtu hajawahi kukuona aseme bila wasiwasi ni wewe, inatakiwa kama nukta 250 kwa kila mita ya upana wa picha penye umesimama. Kamera ya megapikseli 2 iko na nukta 1,920 kutoka kushoto hadi kulia. Gawanya, unapata upana wa mita 7 na kitu. Sasa hiyo lenzi ya 2.8 inafikisha huo upana mtu akiwa mita 3 tu kutoka kwa kamera. Mita 3! Hiyo ni kutoka kwa kaunta hadi mlangoni. Mwenye amesimama kwa geti, mita 15 huko, kwa hakimu ni kivuli kiko na miguu.

Ukiweka lenzi ya milimita 6 hapo hapo, sura inashikika hadi kama mita 7, lakini pande zinakupotea. Ndio maana mse mwenye ameiva kwa hii kazi anachanganya. Moja pana ya kukusho stori ilienda aje, na moja nyembamba imekaziwa penye kila mtu lazima apite: geti, mlango, kaunta. Kama ganji yako inatosha mbili, nunua mbili zimepangwa hivyo. Achana na nane za kutisha majirani.

Alafu kuna urefu. Fundi anapenda kuipandisha juu kabisa, ati isiibiwe. Ikiwa mita 4 juu, kazi yake ni kurekodi juu ya marvin. Kamera ya mlango inakaa mita 2 na kitu hivi, na inacheki ndani, imsubiri mtu akitoka. Gondi akiingia huwa ameinama na amejifunika, amejipanga. Akitoka ako na gunia begani, mikono imejaa, hana ya kuvuta kofia, na presha imempandisha uso juu. Hapo ndio unampata.

Lakini hata ukipanga lenzi vipoa, hujamalizana na ukungu, na hii ndio stori wauzaji wa Luthuli, Nairobi, hawawezi kukuchanua, ju kamera zao wanazijaribia ndani ya duka iko na taa mchana na usiku. Huku tuko kwa miguu ya Mlima Kenya. Kuna wiki ya Juni na Julai ukungu inashuka saa kumi na moja jioni, inalala na sisi, inaamka na sisi. Kamera ya kawaida usiku inaona kwa vitaa vidogo vimezunguka lenzi, vinatoa mwanga jicho la mtu halioni. Huo mwanga ukigonga matone ya ukungu unarudi moja kwa moja kwa lenzi. Dere yeyote wa mathree ya huku anaijua: washa taa kubwa kwa ukungu uone kama hutatazama ukuta mweupe. Sasa kamera yako inafanya hivyo kuanzia saa moja usiku hadi mangware. Umeme umelipia, diski inajaa, na imerekodi maziwa.

Dawa yake si kamera ya bei zaidi. Hata zile zinaitwa za rangi usiku, ColorVu ya Hikvision na ndugu zake, zinahitaji mwanga kidogo, na ikiwa mwanga unatoka kwa kamera yenyewe, ukungu inarudisha tu vile vile. Kinachosaidia ni kutenganisha taa na jicho. Weka balbu upande wa mlango, karibu na penye mtu atasimama, kamera ikae upande mwingine na vitaa vyake uvizime kwa mipangilio. Balbu ya kawaida ya LED ya wati chache inafanya hiyo kazi kuliko kamera ya thao ishirini. Na huo mwanga wa pembeni unachora pua na mashavu, sura inakuwa sura.

Buibui nao. Usicheke. Wadudu wanafuata vitaa vya kamera, buibui anafuata wadudu, anashona nyumba yake mbele ya lenzi. Usiku upepo wa mlima ukipiga, huo uzi unang'aa mkubwa kama kamba ya ng'ombe, na simu yako inaanza: mtu ameonekana, mtu ameonekana, mtu ameonekana. Usiku wa tatu unazima arifa zote ulale. Hizo arifa hazijawahi washwa tena kwa maduka mob ya hapa. Dawa ni fagio ndefu na kitambaa, kila wiki, na mtoto wa boma apewe hiyo kazi rasmi.

Stima sasa. Mvua ikinyesha kidogo tu, giza. Hiyo si siri na si ya Kianjokoma pekee, lakini ni watu wachache hununua kamera wakikumbuka. Kamera nne za kawaida na DVR yake, ile mashine ya kurekodi, zinakula kama wati 30. Ka-betri ka volti 12 ampea-saa 7, kale kako ndani ya UPS nyingi, kanaweza kushikilia hiyo mzigo kama masaa mawili kakiwa hakajachoka. Hayo masaa mawili yanatosha kurekodi mse mwenye alikuwa anangojea giza. Kama boma iko na sola tayari, pitisha mfumo hapo. Na kama waya imetoka nyumbani ikatambaa hadi geti mita 80, jua hiyo ni barabara ya radi. Weka kinga ya radi na ardhi ya kweli, chuma imezikwa. Fundi wengi wanaruka hiyo hatua ju hakuna mtu anaiona.

Diski ndio watu hukula hasara bila kujua. Hesabu ni rahisi. Kamera moja ikirekodi kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, inamaliza giga 21 na kitu kwa siku. Nne ni giga 86. Diski ya tera 1 itakushikia kama siku 11, alafu inaanza kujifuta kutoka nyuma ili ipate nafasi. Sasa chukua mathe mwenye huhesabu stoki mwisho wa mwezi, agundue tarehe 30 kwamba katoni za mafuta zilitoka tarehe 8. Tarehe 8 haiko tena duniani. Ama uhesabu stoki kila wiki, ama uongeze diski, ama uwashe H.265, ambayo inabana video vizuri kuliko H.264 ya zamani bila sura kuharibika sana. Na diski iwe ya kazi hiyo, WD Purple ama SkyHawk. Ile fundi ametoa kwa kompyuta imekufa ya saiba ya beshte yake, zima hiyo stori mapema.

Alafu saa. Kuna DVR betri yake ndogo ya ndani ikiisha, stima ikipotea inarudi ikidhani ni Januari 2000. Hakuna mtu hushughulika kuirekebisha, ju picha si inaonekana? Wakili wa mshukiwa ndiye atashughulika.

Na mambo ya saa, na nani aliona nini, Kianjokoma haihitaji kufunzwa na mtu. Jumapili, 1 Agosti 2021, kafyu ya Corona ikiwa inaanza saa nne usiku, ndugu wawili wa hapa, Benson Njiru Ndwiga wa miaka 22 na Emmanuel Mutura Ndwiga wa miaka 19, walishikwa na makarao. Hawakurudi nyumbani. Tarehe 3 miili yao ikapatikana mochari ya Embu Level 5. Makarao wakasema waliruka kutoka kwa gari ikienda. Upasuaji ukapata majeraha ya kichwa na mbavu. Senta ikawaka, barabara zikafungwa, gari ya polisi ikachomwa, na kwa hayo maandamano kijana mwingine akapigwa risasi akafa. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ikachunguza, na maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji. Wakakana.

Kesi ya aina hiyo inabebwa na dakika chache sana. Gari ilipita senta saa ngapi, ilikuwa inaelekea wapi, ilisimama penye gani, ilichukua muda gani kufika stesheni. Kwa hivyo wazae wakicheki hivi vijicho chini ya mabati wanafikiria gondi. Mayut wa rika yangu tunafikiria gondi, na pia tunafikiria mariamu ya makarao. Hatusemi sana kwa sauti, lakini muulize kijana yeyote wa nduthi hapa stage anataka kamera ya duka iangalie wapi. Atakusho barabara.

Mimi naonaje? Kama duka yako inatazama lami, acha moja ikamate kipande cha barabara, na saa yake iwe sawa kabisa, iwe inajirekebisha kwa intaneti. Lakini usidanganyike itasoma namba ya gari ikipita usiku. Taa za mbele zinaipofusha, na gari ikiwa na mwendo namba inakuwa mkwaruzo tu. Kamera ya kusoma namba ni kitu ya aina yake, imefungwa kwa pembe yake, na bei yake ni ya masonko. Utapata aina ya gari, rangi ikiwa kuna taa, na dakika. Dakika inatosha kuharibu uongo.

Shida ni kwamba mwenye hataki rekodi ionekane, hapigi kamera. Anatafuta DVR. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alishikwa Homa Bay akapelekwa hadi Nairobi, na tarehe 8 akapatikana amekufa mikononi mwa polisi wa stesheni ya Central. Stori ya kwanza ilikuwa ati alijigonga ukutani, upasuaji ukaikataa. IPOA ilipoenda kutafuta rekodi za stesheni ikapata mfumo wa kamera umechezewa. Na hiyo ilikuwa stesheni katikati ya jiji. Sasa DVR yako imekaa wapi? Nakujua. Iko kwa kaunta, chini ya TV, juu ya friji ya soda, inawakawaka taa ya bluu ikiita watu. Gondi mwenye akili anang'oa hiyo sanduku anaenda nayo, na rekodi zako zote zinaenda Embu na nduthi.

Itoe hapo. Iweke chumba kingine, ndani ya sanduku la chuma limefungwa kwa ukuta, liwe na matundu ya hewa. Kamera moja, ile ya mlango, ipatie kadi yake ya kumbukumbu ndani, ama itume vipande vya video mtandaoni. Na mtu akikuja na kofia ya kazi akidai rekodi, mpe nakala. Akitaka mashine yenyewe, omba aandike jina, namba yake ya kazi na namba ya OB ya stesheni, na wewe ubaki na nakala yako kabla itoke mlangoni. Si ubishi, ni utaratibu. Ukihisi mambo hayako sawa, IPOA wanapokea malalamiko ya mwananchi yeyote.

Nakala nayo isiwe ile ya kurekodi skrini na simu, mkono unatetemeka, mtu anacheka nyuma. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inakubali rekodi za elektroniki lakini inataka cheti: nani alikuwa anasimamia hiyo mashine, ilikuwa inafanya kazi vizuri, nakala ilitolewa aje. Toa faili lenyewe kwa flashi, andika tarehe, jina la mwenye alitoa, weka kwa bahasha. Dakika kumi za kazi, na wakili wa mtu amekosa pa kuanzia.

Hapo kwa WhatsApp ndio kuna ngori mbaya zaidi, na sitazunguka. Klipu ya gizagiza inatupwa kwa grupu ya kijiji saa moja asubuhi: "Mwizi wa makadamia huyu hapa." Saa mbili mtu amesema anafanana na mtoto wa fulani. Saa tatu kuna wasee na rungu. Sote tunajua hii nchi umati unamaliza mtu kabla chifu avae viatu. Kama hakimu hawezi kumtambua huyo jamaa kwa rekodi yako, grupu ya watu 200 wana hasira haitamtambua vizuri zaidi. Peleka stesheni, achana na grupu.

Na hata bila rungu, sheria inakuona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu sura ya mtu kuwa data yake binafsi. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa, na shule moja ikapigwa milioni 4.55 kwa picha za watoto. Hizo zilikuwa picha za kujitangaza, wala si za wizi, lakini njia ni hiyo hiyo. Kamera ya boma yako ikicheki boma yako, hakuna mtu atakusumbua. Ikianza kucheki ndani ya geti ya jirani, hiyo si usalama, hiyo ni udaku, na mipangilio iko na sehemu ya kuziba hicho kipande kwa rangi nyeusi. Biashara nayo ibandike ilani mlangoni kwamba kuna kamera. Na kitu watu hawajui: kanuni za kujisajili kwa huyo Kamishna zinaachilia biashara ndogo, chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, lakini wenye wanaendesha kamera za usalama wametajwa kwa ile orodha ya wale hawaponi hata wakiwa wadogo. Uliza kabla uulizwe.

Watu wa M-Pesa, nyinyi nisikizeni. Kamera yenu iko nyuma ya kichwa cha mteja, juu, inacheki kaunta chini. Unajua inarekodi nini vizuri sana? Vidole vya cucu vikibonyeza siri yake. Siku 11 za namba za siri za kijiji kizima, kwa diski, chini ya friji ya soda. Igeuze. Itoke upande wako, icheki uso wa mteja na noti zikibadilishana mikono, simu ionekane mgongo tu. Na dada wa kazi nyumbani, mwambie kamera iko wapi. Ile ya kufichwa ndani ya dubu wa mtoto inavunja heshima kwa boma kuliko inavyoshika makosa.

Pasiwadi. Fundi anamaliza kazi, anakuwekea apu kwa simu, kila kitu kinawaka, unamlipa, anaishia. Bado ako na mfumo wako kwa simu yake. Labda ni mse mpoa. Labda simu yake itaibiwa Embu kesho. Akiondoka tu, badilisha pasiwadi ya DVR mwenyewe, ondoa akaunti yoyote si yako, na uandike hiyo pasiwadi penye mathe hataifungia ndani ya kabati milele. Oktoba 2016 wakora walitumia programu inaitwa Mirai kuteka maelfu ya kamera na DVR zilizoachwa na pasiwadi za kiwandani, wakazifanya jeshi, wakaangusha Twitter na Netflix kwa masaa Marekani. Wengi wenye hizo kamera hawakujua. Na kama ni ya Hikvision ama Dahua, ambazo ndizo zimejaa huku ju ya bei, sasisha programu yake. Marekani ilizuia vifaa vipya vya hizo kampuni mbili za China kuidhinishwa huko Novemba 2022 kwa sababu za usalama wa nchi. Kwa duka ya unga Kianjokoma sioni Beijing ikifuatilia bei ya madondo, lakini shimo yenye haijazibwa inaingia mtu yeyote, hata wa Githurai.

Boma ya shambani mbali na stima, kuna zile za sola na laini ya 4G. Ni poa, ila usiiache itume video siku mzima. Megabiti 2 ni zile giga 21 tumehesabu, na bando yako itakufa kabla chai ya saa nne. Ipange irekodi kwa kadi, itume tu kipande mtu akipita. Na ukungu ya wiki mbili inanyima sola jua, kwa hivyo paneli iwe kubwa kuliko ile inakuja kwa boksi, na ikae penye mgumo haijaweka kivuli.

Kununua: kwenda Luthuli ni sawa, Embu tao pia ni sawa, tofauti ya bei unaila kwa fea na kwa siku ya kurudisha ikikataa kuwaka. Kit ya kamera nne za kawaida inazunguka kati ya thao kumi na tano na thelathini kutegemea diski, na dola ikiruka inaruka nayo. Waya ndio usikubali kubanwa. Kwangua ncha na kisu: ikiwa nyekundu nje na nyeupe ndani, hiyo ni alumini imepakwa shaba, na kwa geti ya mbali volti zitafika zimechoka, picha inacheza usiku vitaa vikiwaka. Waya ya mtandao nayo haivuki mita 100. Ile ya koaksi inaenda mbali zaidi, na ndio maana kwa boma ndefu za huku mfumo wa DVR wa kizamani bado unashinda wa kisasa.

Fundi mlipe nusu. Nusu ingine asubiri usiku wa ukungu, na wa huku hauchelewi. Chukua marvin ya brathe, koti ya mzae, gunia ya majani, umtume kijana fundi hajawahi muona aingie kwa geti hadi mlangoni, atoke na gunia, bila kuangalia kamera. Zima stima ya boma akiwa katikati. Asubuhi mketishe fundi mbele ya TV na vijana watano wa senta, umwambie achague ni yupi alipita jana, saa ngapi na dakika gani. Akimpata, mpatie haki yake na umnunulie chapo madondo. Akianza stori za ati kamera inahitaji kuzoea mazingira, mrudishe juu ya ngazi.